Hatua ya Ishirini na Sita

Kazini wananiita Mama Daftari, na sijawahi kulikataa jina hilo. Daftari ninalo. Lina kurasa mia mbili, jalada lake limelainika kwa kushikwa, na ndani mna hatua arobaini na tatu za kusasisha mfumo wetu. Kampuni yetu inaendesha mfumo wa miadi wa zahanati thelathini na mbili: nani atamwona daktari gani, siku gani, saa ngapi. Kila Jumamosi saa nane mchana, zahanati zikishafunga, nilikuwa naingia chumba cha seva, nafungua daftari, na kuweka toleo jipya la programu kwa mkono, hatua baada ya hatua, mpaka saa kumi na moja jioni. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja. Hakuna mwingine aliyeweza, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kusoma mwandiko wangu.

Na nisijifanye mtakatifu, nilipenda iwe hivyo. Meneja wetu anaweza kuugua wiki nzima na mtu asigundue. Mimi nikipiga chafya siku ya Ijumaa, watu sita wanakuja kunigusa paji la uso.

Miaka miwili iliyopita binti yangu wa pekee aliolewa, katika mji ulio mbali na kwetu, safari ya basi ya saa kumi na tano. Harusi ilikuwa Jumamosi, kama harusi za watu wote wenye akili timamu. Nilikwenda kuomba ruhusa. Meneja akaniuliza kwa ule upole wake wa kuudhi, "Na mfumo tumwachie nani, mama?" Ukweli ni kwamba swali lile lilinifurahisha kidogo kabla halijaniumiza.

Basi harusi niliiona kwenye simu, nimeiegemeza kwenye rafu ya nyaya, wakati wa hatua ya ishirini na sita.

Hatua hiyo imeandikwa hivi: *Zima mfumo. Subiri dakika ishirini. Usiguse kitu.* Niliirithi kutoka kwa mtangulizi wangu, Mzee Funguo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alining'iniza funguo za jengo zima kiunoni na ukimsikia anakuja unajua bado yuko mbali. Alinisomea hatua zote kwa kinywa wiki aliyostaafu, nami nikaandika neno kwa neno. Katika arobaini na tatu, ni hiyo moja tu inayompa mtu nafasi ya kukaa. Nikakaa, mikono mapajani, nikamtazama mwanangu akiingia ukumbini, wakwe wakijipanga, mshereheshaji akipiga porojo zake. Pete ilipotolewa kwenye kisanduku, dakika ishirini zikatimia. Nikailaza simu kifudifudi, nikaenda kuwasha mtambo.

Binti yangu hakunilaumu. Alisema tu, "Si kitu, mama, kazi ni kazi." Lakini tangu siku hiyo mambo yake akawa ananiambia yakishapita. Walihama nyumba, nikaambiwa wameshahama. Alilazwa siku mbili, nikaambiwa ameshatoka. Mtu akikugombeza unajua pa kuanzia kumbembeleza. Huyu hakunigombeza, na iliniuma vibaya sana.

Kwa hiyo mwaka huu aliponipigia simu jambo likiwa halijatokea bado, nilishika ukuta.

"Mama, mimi ni mjamzito. Natarajia katikati ya mwezi wa nane. Nataka uwepo."

Hakusema angependa. Alisema anataka. Nikamwambia nitakuwepo, hata kama nitakwenda kwa miguu.

Nilimkuta Meneja ametoka kwenye semina ya siku mbili, na semina humwingia Meneja kama homa. Safari hii alirudi na neno moja, makontena, akawa analitumia hata mahali pasipohusika. Nilipoomba wiki tatu za likizo alitabasamu.

"Mama Daftari, umekuja wakati wake! Tunaleta mageuzi. Mfumo utakuwa unajisasisha wenyewe. Siku utakapoweza kujisasisha bila mtu, siku hiyo likizo ni yako."

"Na usipoweza?"

"Utaweza. Tumeleta mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, raba nyeupe, kalamu ya ubao nyuma ya sikio. Siku ya kwanza alichora duara kubwa ubaoni, akalijaza mishale, akatwambia kwamba katika ulimwengu mpya kazi haina mwanzo wala mwisho. Nikamwambia hilo nalijua, mwanangu, ndiyo maana sijaenda likizo. Tangu hapo nikambatiza jina la Bwana Duara, na ofisi nzima ikalipokea.

Nikubali hapa kwamba alijua kazi yake. Alinieleza kontena nikaelewa kabla chai haijapoa. Programu ya kawaida ni mgeni msumbufu: akifika kwako anaomba godoro, anaomba shuka, maji yako hayampendezi, na ukimhamishia nyumba nyingine anaugua. Kontena ni mgeni anayekuja na godoro lake, sahani yake na maji yake ya kunywa. Umweke seva hii au ile, ni yule yule. Na skripti ni kuandika mara moja kile ambacho mkono hufanya kila wiki, ili mashine isome na kutekeleza.

"Kwa hiyo ni daftari," nikasema.

"Ni daftari, mama. Ila linajisoma."

Miezi miwili tukakaa bega kwa bega, yeye akinifundisha, mimi nikiandika. Mwanzoni vidole vyangu viliona aibu. Lakini siku hatua ya kwanza mpaka ya tano zilipojiendesha zenyewe mbele ya macho yangu, nilijisikia kama mzazi aliyemtuma mtoto dukani peke yake na akarudi na kile kile alichotumwa. Nilisimama nikapiga makofi. Bwana Duara naye akapiga. Tukawa marafiki kwa muda wa hatua ishirini.

Tulipofika ya ishirini na sita akainua kichwa.

"Hii inafanya nini, mama?"

"Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Dakika ishirini."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akasema kanuni ya kazi hii ni kutokabidhi kwa mashine jambo ambalo wewe mwenyewe hulielewi. Nikamwambia kuna mambo mengi nisiyoyaelewa na yanafanya kazi vizuri tu, kwa mfano Meneja. Nikamwambia pia hatua hiyo ilikuwepo kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu, kwamba wakubwa hawakuiweka kwa mchezo, na kwamba haraka haraka haina baraka. Angeweza kubisha. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, hakuzoea kubishana na mtu wa umri wa mama yake, na malezi mema ndiyo yaliyotuponza.

Mimi sikuishia hapo. Maneno *usiguse kitu* huwezi kuiambia mashine, kwa kuwa haina mikono. Nikafikiri sana, nikaandika mstari wa ziada: ikitokea mfumo umewaka kabla ya dakika ishirini kutimia, zima tena, anza kuhesabu upya. Niliona nimekuwa mjanja kweli.

Majaribio yote yalikwenda salama. Halafu Ijumaa, siku moja kabla ya siku yenyewe, Bwana Duara akaongeza kifaa chake cha mwisho. Ni programu inayosimamia makontena yote: kontena likizimika, kwa sababu yoyote, yenyewe inaliinua ndani ya sekunde kumi. Mimi nikaiita Nyapara. Nilimsifu sana kwa Nyapara. Hatukukumbuka, si yeye wala mimi, kumjulisha Nyapara kwa hatua ya ishirini na sita.

Jumamosi saa nane chumba cha mikutano kilijaa. Meneja alikuwa amepanga viti, amepanga soda, amewaalika wakubwa wawili kutoka juu ambao hawakujua wamekuja kutazama nini. Skripti ilikuwa inaonyeshwa ukutani. Hatua ya kwanza mpaka ya ishirini na tano zilipita kwa dakika moja, na watu wakashangilia. Kazi yangu ya saa nzima na nusu! Nilikunywa soda yangu kwa raha, nikijiona tayari niko ndani ya basi.

Skripti ikazima mfumo, ikaanza kusubiri. Sekunde kumi baadaye Nyapara akaona kontena limelala, akaliinua. Skripti ikaona mfumo umewaka kabla ya wakati, ikauzima, ikaanza kuhesabu upya. Nyapara akainua. Skripti ikazima. Kila mmoja alikuwa mtiifu na hodari, na hakuna aliyechoka. Mkubwa mmoja kutoka juu alidhani ndiyo kazi yenyewe na akapiga makofi tena.

Kisha simu ya mapokezi ikaanza kulia. Kila mfumo unapowaka, jambo la kwanza unalofanya ni kuwatumia wagonjwa wa Jumatatu ujumbe wa kuwakumbusha miadi yao. Kufikia Bwana Duara anatimka ngazini na kung'oa waya wa umeme kwa mkono, ule mkono wa kibinadamu tuliokuwa tunauaga siku hiyo, mfumo ulikuwa umewaka mara tisini na tatu. Kuna baba mmoja alikumbushwa mara tisini na tatu kwamba anang'olewa jino. Alipiga simu kuuliza kama kuna jambo lolote kuhusu hilo jino ambalo tunamficha.

Nilibaki pale jioni nikafanya hatua zote arobaini na tatu kwa daftari, na ile ya ishirini na sita niliingoja kwa mikono mapajani, nimenuna. Jumatatu asubuhi wagonjwa wote wa zahanati zote walifika, tena mapema, hakuna hata mmoja aliyesahau. Meneja akaandika kwenye ripoti yake kwamba mahudhurio yamepanda kutokana na mageuzi. Lakini kwangu alikuwa na neno jingine.

"Jumamosi ijayo tunajaribu tena. Ikikataa, mama, tutasubiri mpaka mwezi wa kumi."

Binti yangu alikuwa anatarajia Jumatano baada ya Jumamosi hiyo. Basi la kwenda kwake ni moja tu kwa siku, linaondoka saa saba mchana. Skripti ikikataa tena, mtoto angezaliwa bila mimi; nilipiga hesabu hiyo kwa kila njia na haikubadilika. Jioni akanipigia, akauliza, "Unakuja, mama?" kwa sauti ya mtu aliyeshajiandaa kusema si kitu, kazi ni kazi. Nikamwambia nakuja.

Bwana Duara alisema tuitoe ile hatua. Mimi nikasema kwanza nijue ni ya nini, maana ukibomoa ukuta usioujua, dari linaweza kukushukia. Siku ya Jumanne nikaenda nyumbani kwa Mzee Funguo.

Nilimkuta kibarazani anarekebisha redio iliyokuwa haina tatizo. Sasa ana miaka sabini na sita, kiuno hakina funguo hata moja, na bado ananiita binti.

"Mzee, nimekuja kukuuliza hatua ya ishirini na sita."

Akatazama dirisha la jikoni, alikokuwa mkewe. Akazima redio. Akaiwasha tena kwa sauti kubwa zaidi, akanivuta mkono mpaka nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nataka kujua kwa nini tunasubiri dakika ishirini."

"Ah, binti." Akashusha sauti. "Dakika tano kwenda nyuma ya ghala. Dakika tano kurudi. Kumi za sigara."

Sikumwelewa. Nikamwambia aseme tena, akasema tena. Mkewe alikuwa anafanya kazi pale pale, mapokezi, na alishamkataza sigara mbele ya watoto na ndugu. Kila Jumamosi alimpitia chumba cha seva na kumuuliza mbona umetoka. Akahitaji sababu, na sababu nzuri ni ile iliyo kwenye orodha ya kazi.

"Na *usiguse kitu*?"

"Sasa mtu angegusa nami sipo? Kazi ni kazi, binti."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kukabidhiana?"

"Ulikuwa unaandika kila neno! Ningesemaje? Andika: mzee huvuta sigara?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilizidisha kichwani, dakika ishirini mara Jumamosi zote za miaka kumi na moja, nikaacha katikati kwa sababu nilitaka kumpiga mzee wa watu na kopo la maji. Dirisha la jikoni likafunguka na mkewe akatoa kichwa.

"Mnanong'ona nini huko?"

"Mambo ya kazi tu, mke wangu!"

"Ni ile sigara ya Jumamosi, sivyo? Mimi nilijua siku zote. Alikuwa anarudi ananuka hadi mlinzi anapisha njia." Akanigeukia. "Karibu chai, mwanangu. Kwani wewe hukujua?"

Kila mtu alijua, isipokuwa mimi na mashine.

Siku ya Jumatano nilifuta hatua ya ishirini na sita na mstari wangu wa ujanja. Bwana Duara akasogeza kiti karibu. Skripti na Nyapara wakapatana mara moja, kama majirani waliotenganishwa na umbea wa mtu wa tatu. Tukairudia mara kumi na mbili kwenye seva ya majaribio. Kila mara ilimaliza kwa dakika tatu. Saa tatu zangu za kila Jumamosi zilikuwa dakika tatu, na moja ya hizo ni kompyuta kuwaka.

"Sasa Jumamosi nifanye nini?" nikamuuliza. "Meneja anataka nibonyeze mbele ya watu."

"Likizo ni siku mfumo utakapojisasisha bila mtu. Si ndivyo alivyosema?" Akavuta kalamu sikioni, akairudisha. "Ukiwepo, mama, tutakuwa tumejaribu nini?"

Tukaipangia saa: kila Jumamosi, saa nane kamili, ianze yenyewe. Daftari nililiacha juu ya meza ya Meneja, likiwa wazi, ili kama mambo yakiharibika alisome. Mwandiko ni ule ule. Saa saba basi liliondoka nikiwa kiti cha dirishani.

Saa nane kasoro dakika mbili simu ikalia.

"Mama Daftari, uko wapi? Watu wameshakaa!"

"Niko likizo, bosi."

"Likizo? Na nani atabonyeza?"

"Hakuna cha kubonyeza. Tazama ukutani."

Nilimsikia anapumua. Nilisikia viti vikisogezwa. Nje ya dirisha kulikuwa na mashamba, na mimi nilikuwa nimebana mkoba kifuani kwa mikono miwili. Kama ikikataa, nilijiambia, sitarudi. Halafu nikajiuliza kama kweli, na sikupata uhakika.

"Imeandika kitu," Meneja akasema. "Inasema hatua zote arobaini na mbili zimekamilika."

"Basi imekwisha."

"Imekwisha? Soda hatujafungua bado!"

Ilikuwa saa nane na dakika tatu. Nilipaswa kushangilia, nikabaki nimekaa, mikono mapajani, nimezoea kwamba kuna kitu cha kungoja.

Mjukuu wangu alizaliwa Jumanne asubuhi, wa kike, ana sauti ya tarumbeta. Nilikuwepo. Nilishika mkono wa mama yake mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na hakuna mtu duniani aliyeniuliza mfumo tumwachie nani.

Jumamosi, mtoto ana siku nne, tulikuwa watatu chumbani kwao. Binti yangu alikuwa ameegemea mito, mtoto amelala kifuani kwake, nami nakunja nepi. Nikaona ni wakati mzuri wa kumchekesha. Nikamsimulia yote: Nyapara, baba wa jino, redio ya Mzee Funguo, pipa la maji, mke kutoa kichwa dirishani. Nikaigiza sauti. Alicheka mpaka akaomba ninyamaze kwa sababu ya maumivu.

Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo ile siku ya harusi yangu, ulipokuwa umekaa kule, ulikuwa unasubiri sigara ya mzee wa watu."

"Ndiyo, mwanangu. Nikimkumbuka yule mzee natamani kumchapa."

Akamvuta mtoto shuka begani.

"Usimchape, mama. Mshukuru. Bila sigara yake, hata hizo dakika ishirini usingeziona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake. Wiki nzima nilikuwa nimembebesha lawama Mzee Funguo, na kabla yake Meneja, na kabla ya Meneja kazi yenyewe. Lakini mlango wa kile chumba cha seva haukuwahi kufungwa kwa nje. Ningeweza kutoka Jumamosi yoyote. Wangehangaika, wangeahirisha wiki moja, na zahanati zingeendelea na toleo la zamani bila mtu kujua tofauti. Nilibaki ndani kwa sababu nilipenda kuitwa.

"Nisamehe," nikamwambia. Miaka miwili sikuwahi kulisema neno hilo, kwa sababu sikudhani mkosaji ni mimi.

Hakusema si kitu. Nilishukuru hakusema.

"Acha hizo nepi," akasema mwishowe, akamwinua mtoto kwa mikono miwili. "Njoo umshike. Huyu anaguswa."

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na moto. Simu ikatetemeka mfukoni, mara moja tu. Ilikuwa saa nane na dakika tatu. Nilijua skripti imeandika nini, na simu sikuitoa.